Nyumba ina jina langu na la mamangu: haki yangu iko wapi?

Barua za mwezi huu kutoka Malindi na Lamu zimefanana sana. Mtoto ametia pesa kwenye nyumba aliyo nayo pamoja na mzazi, na sasa anataka kujua amesimama wapi. Tumechagua nne, tukazifupisha na kuondoa majina na namba za ploti. Wengi wenu mmeomba radhi kabla ya kuuliza, kana kwamba swali lenyewe ni kumkosea mzazi adabu. Si kumkosea adabu. Magomvi mengi ya nyumba huku Pwani huanza baada ya matanga, wakati mtu pekee aliyeyajua makubaliano hayupo tena wa kuulizwa.

SWALI: Assalam alaykum. Mwaka 2016 mimi na mamangu tulinunua ploti Muyeye, Malindi, tukajenga nyumba ya vyumba vinne. Kama robo tatu ya pesa zilitoka kwangu. Hati ina majina yetu mawili. Babangu ni marehemu, na nina kaka wawili ambao hawakutoa kitu. Sasa mama anasema atauza sehemu yake ampe kaka mdogo mtaji. Anaweza? Na Mungu akimchukua, nyumba inabaki kwangu? *Binti wa Muyeye*

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Kabla ya lolote, jua majina yenu yameandikwa kwa namna gani kwenye rejista ya ardhi. Omba upekuzi rasmi wa hati, ule ambao mawakili huuita sachi. Utahitaji nakala ya hati, kitambulisho na PIN ya KRA. Usitosheke na ile hati iliyo kabatini: rejista ndiyo inayoonyesha kama kuna deni la benki, zuio au amri ya mahakama iliyoingizwa baadaye.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inajua aina mbili za kumiliki pamoja. Ya kwanza tuiite umiliki wa kurithiana: nyote wawili mna nyumba nzima, hakuna mwenye fungu lake, na mmoja akifariki jina lake hufutwa kwenye rejista na nyumba hubaki kwa aliye hai bila kupitia kwa warithi. Ya pili ni umiliki wa mafungu: kila mmoja ana sehemu yake, hata kama hakuna ukuta unaoonyesha ya nani inaishia wapi, na akifariki fungu lake huingia katika mirathi.

Jambo ambalo madalali wengi hawalisemi liko katika kifungu cha 91. Tangu sheria hiyo ianze kutumika Mei 2012, umiliki wa kurithiana unaweza kuundwa baina ya mume na mke tu, isipokuwa mahakama ikitoa ruhusa. Mzazi na mtoto wakiandikishwa hivyo bila ruhusa hiyo, sheria inawahesabu kuwa wana mafungu. Hati yenu ni ya 2016. Kwa hiyo lile neno la mtaani, kwamba "atakayebaki ndiye mwenye nyumba," kwenu halifanyi kazi. (Msomaji mwenye hati ya kabla ya Mei 2012 asijipime kwa jibu hili, yake husomwa kama ilivyoandikwa.)

Je, mama anaweza kuuza? Kwa mtu wa nje, hawezi bila idhini yako ya maandishi. Hawezi hata kumpa kaka yako fungu hilo kama zawadi bila idhini hiyo hiyo. Lakini nawe huruhusiwi kukataa bila sababu ya maana. "Sitaki tu" haitakusaidia mbele ya hakimu. Anayeweza kuuziwa au kupewa bila kizingiti hicho ni wewe, kwa kuwa ni mmiliki mwenzake. Ikiwa shida ya mama ni mtaji wa mwanawe, njia safi ni wewe kununua sehemu ya fungu lake kwa bei ya mthamini, na malipo yapite benki. Tengeni pia ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa ploti ya mjini na asilimia 2 nje ya mji, na mlipe kodi za kaunti zilizolimbikizwa, kwa sababu uhamisho hausajiliwi bila cheti cha kaunti kwamba hamdaiwi.

Sasa hiyo robo tatu yako. Hati isipotaja mafungu, sheria inachukulia ni nusu kwa nusu. Pesa ulizotoa hazijiandiki zenyewe. Mama akikubali, akuhamishie robo ya nyumba kutoka nusu yake, na rejista iandikwe robo tatu kwako na robo kwake. Fanyeni hivyo angali na afya, na awe na wakili wake mwenyewe, si wako. Sababu ni mbili. Kaka zako wakija kudai mama alisukumwa, wakili wake ndiye atakayeeleza kwamba alielewa alichokitia sahihi. Pili, katika sheria ya Kiislamu zawadi inayotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, na wasia hauvuki theluthi wala haumfai mrithi ila warithi wenzake wakiridhia. Karatasi iliyotiwa sahihi kitandani hospitalini ni karatasi dhaifu.

Mama akikataa, bado unaweza kudai mahakamani kwamba sehemu ya fungu lake ameishika kwa amana yako, lakini hapo utaulizwa ushahidi. Toa taarifa za M-Pesa na za benki za miaka ile ya ujenzi, mapatano na mafundi, na risiti za vifaa zenye jina lako. Risiti za hadweya zinazochapishwa kwa mashine ndogo hufifia, na baada ya muda inabaki karatasi nyeupe. Zipige fotokopi leo, uandike kando ya kila moja ilinunua nini: mabati ya sehemu ipi, saruji ya msingi au ya sakafu.

Kuhusu kifo, hesabu ni hii. Tuchukulie wazazi wa mama hawako hai, na warithi ni wewe na kaka zako wawili. Baada ya mazishi na madeni, fungu lake hugawanywa sehemu tano: mbili kwa kila kaka, moja kwako. Rejista ikiwa bado nusu kwa nusu, utaishia na sehemu 6 kati ya 10 za nyumba nzima, na kila kaka 2. Mkiwa mmesharekebisha ikawa robo tatu na robo, utaishia na 8 kati ya 10, na kila kaka 1. Hiyo ndiyo tofauti ya karatasi moja. Kwa Waislamu wote wakiridhia, shauri huenda kwa Kadhi, na Malindi mnaye. Kwa msomaji asiye Mwislamu, mzazi mjane asipoacha wosia, watoto hugawana sawa kwa sawa, wa kike na wa kiume.

Kaka zako wakishaingia kama wamiliki wenzako, yeyote kati yenu anaweza kumwomba msajili agawanye ardhi. Nyumba ya vyumba vinne kwenye ploti ya hamsini kwa mia haigawanyiki kwa akili ya kawaida, na hapo anayetaka kuuza anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Malindi, kuomba nyumba iuzwe. Sheria inakupa nafasi ya kununua mafungu yao. Anza kuweka akiba ya kuwafidia, maana siku ya amri ya mahakama haingojei chama.

La mwisho kwako: andikeni mapatano ninyi wawili. Mkataba wowote wa ardhi lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi iwe na shahidi. Taja nani alitoa nini, kodi ya vyumba vinavyopangishwa inagawanywaje, nani analipa kaunti, na bei itapatikanaje mmoja akitaka kutoka. Na tunakusihi, weka kifungu kinachosema mama atakaa humo maisha yake yote bila kulipa, hata ukija kuuza au kuweka rehani fungu lako. Haki yake inahitaji ulinzi sawa na yako, na mzazi aliyehakikishiwa chumba chake hutia sahihi kwa moyo mweupe.

SWALI: Nyumba yetu ni ya mawe, Mkomani, Lamu. Mwaka 2019 nilijenga ghorofa ya juu kwa pesa zangu. Babangu alisema mbele ya watu, "Juu ni kwako." Anakaa chini na mamangu. Karatasi ya nyumba ni ya zamani, ina jina la babu. Nimelindwa? *Msomaji, Mkomani*

JIBU: Bado, ndugu yetu. Nia ya mzee ni njema na mashahidi wako ni muhimu, lakini tatizo liko ngazi moja nyuma. Maadamu karatasi ina jina la babu na mirathi yake haijagawanywa, nyumba ni ya warithi wote wa babu: babako, ami zako, shangazi zako, na watoto wa waliofariki baada yake. Babako hawezi kutoa zawadi kisicho chake peke yake. Ulichojenga juu ya kuta hizo kimeshikamana na mali ya jamii nzima.

Kwa hiyo anzeni kwa babu. Pelekeni cheti cha kifo, orodha ya warithi na ile karatasi ya zamani kwa Kadhi wa Lamu, mpate hukumu ya mafungu na wasimamizi wa mirathi. Hakikisheni pia kwamba nyumba si wakf, yaani mali iliyotengwa na mwenyewe kwa manufaa ya dini au ya jamaa, maana Mji wa Kale una mali nyingi za wakf. Ikiwa ni wakf, haiuzwi, hairithiwi wala haipewi mtu. Mnachokuwa nacho ni manufaa kwa masharti ya aliyeiweka. Isomeni ile karatasi neno kwa neno pamoja na mtu anayesoma hati za Kiarabu, kabla hamjamlipa mpimaji hata senti.

Fungu la babako likishajulikana, ndipo hiba, yaani zawadi ya mtu angali hai, inapokuwa na kitu cha kutolewa. Hiba ina nguzo tatu: mtoaji aseme nimetoa, mpokeaji aseme nimekubali, na kitu kikabidhiwe. Ya tatu ndiyo inayoangusha wengi. Mzee akisema ametoa lakini funguo anazo yeye na kodi ya wapangaji anaipokea yeye, warithi watasema hakukabidhi. Kwako ni afadhali: unakaa juu, una ngazi yako, na unalipia umeme wako. Liandikeni hilo. Ndugu zako nao wawe wameitwa, kwa sababu Mtume (S.A.W.) aliagiza uadilifu baina ya watoto katika kutoa, na Kadhi atauliza wao walipata nini.

Kuna pia Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, inayoruhusu kila ghorofa kuwa na hati yake. Ni njia nzuri kwa Lamu, ambako tangu zamani wazazi wamewajengea mabinti juu ya nyumba zao au ng'ambo ya kichochoro kwa wikio, chumba kinachovuka juu ya njia. Lakini sharti lake ni ardhi iwe imesajiliwa na kuwa na hatimiliki kwanza, kisha mpimaji achore ramani ya ghorofa. Nyumba yenye karatasi ya zamani tu haifiki hapo kwa hatua moja.

Mkiwa njiani kuelekea huko, tieni sahihi mapatano ya nyumba ya ghorofa. Tunayakazania kwa sababu tunajua nyumba za mawe zinavyoharibika. Paa ni lako, lakini linamlinda aliye chini. Likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta na kuozesha ncha za boriti pale zinapoingia kwenye mawe, mahali pasipoonekana, na dari ya mzee ndiyo inayoshuka. Kwa hiyo andikeni kwamba gharama ya paa mnachangia, na kwa kiasi gani. Andikeni nani anasafisha makopo ya maji ya mvua kabla ya masika, shimo la choo ni la nani, tangi linakaa wapi, na kwamba hakuna atakayetoboa au kuongeza uzito bila fundi kukagua kuta. Zege zito juu ya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa huzipasua, na lipu ya saruji huzuia ukuta kupumua, unyevu ukakwama ndani. Nyufa zikitokea, kesi ya nyumba inageuka kesi ya fidia baina ya baba na mwana.

Kama ghorofa ilijengwa bila kibali, kashughulikie hilo pia. Mji wa Kale ni urithi wa dunia tangu 2001, na ujenzi humo unapita kaunti na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Jengo lisilo na kibali ni msingi mbovu wa kudai haki.

SWALI: Niko Dubai miaka mingi. Mimi na babangu tuna nyumba Malindi kwa majina mawili. Nilimpa hati ya uwakili anisimamie. Mzee ameoa tena na nasikia anataka kuiweka nyumba rehani kwa mkopo. Nifanye nini nikiwa mbali? *Mwana wa Malindi*

JIBU: Chukua nakala ya hati ya uwakili uisome usiku huu. Ikiwa inasema anaweza kuuza, kuweka rehani na kutia sahihi kwa niaba yako, basi anaweza kuzipata sahihi mbili kwa kalamu moja. Bila hati hiyo benki ingehitaji sahihi yako mwenyewe. Ibatilishe kwa maandishi mbele ya mthibitishaji wa nyaraka au ubalozi wa Kenya, na kubatilisha huko kusajiliwe katika afisi ile ile iliyosajili hati ya kwanza. Kukaa kimya na kumpigia simu tu hakutoshi: msajili anafuata karatasi iliyo kwenye faili. Nakala moja mpelekee mzee, nyingine benki yoyote unayoisikia ikitajwa. Kisha, ukitaka kumsaidia kulipa kaunti na kukusanya kodi za wapangaji, mpe hati mpya yenye kazi hizo mbili tu.

Watu wengi wangekuambia uweke lile zuio linaloitwa kosheni. Hilo kimsingi ni la mtu ambaye bado hayumo kwenye rejista na anadai haki ya kuingia, mfano mtoto aliyejenga kwa pesa zake kwenye jina la baba. Akiliweka bila sababu anaweza kutakiwa kulipa fidia. Wewe umo tayari. Kinachokufaa ni kumwomba msajili aweke kizuizi chini ya kifungu cha 76 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ili kuepusha udanganyifu au shughuli zisizo halali, ukiambatisha ushahidi wa hofu yako. Jambo likiwa la siku chache, wakili aombe amri ya mahakama.

Mama wa kambo usimwone adui. Kama nyumba ni makazi ya ndoa, benki itahitaji na idhini yake kabla ya rehani, na huenda hiyo ikawa kinga kwako pia. Mzee akitangulia mbele ya haki, mke ana thumni (moja ya nane) ya fungu la mumewe kwa kuwa kuna watoto. Mkiwa nusu kwa nusu, hiyo ni sehemu 1 kati ya 16 ya nyumba nzima. Wakiwa wake wawili, wanaigawana hiyo hiyo. Zungumza na mzee kwa hesabu hizi, kwa upole, na ujue mkopo ni wa nini. Mara nyingi ni deni dogo ambalo watoto wangeweza kulimaliza bila hati kutoka kabatini.

SWALI: Sisi tuko Maweni. Nyumba ni yangu na mamangu lakini ardhi si yetu, tunalipa kodi ya ardhi kila mwezi. Hizi haki zote zatuhusu? *Mpangaji wa ardhi*

JIBU: Chache. Nyumba bila ardhi haina hatimiliki, kwa hiyo hamna rejista ya kuandika mafungu. Mnachomiliki ni jengo na ruhusa ya mwenye ardhi. Ulinzi wenu ni karatasi tatu: mapatano ya kununua au kujenga yenye majina yote mawili, barua ya mwenye ardhi inayowatambua wawili, na risiti za kodi zilizoandikwa majina mawili. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huipuuza. Risiti zikitoka kwa jina la mama pekee kwa miaka kumi, siku akifariki mwenye ardhi atasema mpangaji wake alikuwa mmoja, na ndugu zako watasema nyumba yote ni mirathi. Mwombe mwenye ardhi abadilishe kuanzia risiti ya mwezi ujao. Akidai ada, lipa na uchukue stakabadhi.

Someni pia masharti kabla ya kujenga kwa mawe na zege. Wenye ardhi wengi waliruhusu nyumba ya muda tu, na mkivunja sharti hilo mnampa sababu ya kuwafukuza. Mapatano kati yako na mama yaandikeni kama tulivyomshauri binti wa Muyeye, pamoja na kifungu kimoja zaidi: mwenye ardhi akitaka kuuza, ninyi wawili mtachanga vipi kuinunua, na hati itaandikwa mafungu gani. Kwa asiyeweza kumlipa wakili, Kituo cha Sheria wana afisi Mombasa na husaidia wasio na uwezo. Nendeni na zile karatasi tatu, na vitambulisho vya wote wawili.